Mbwa wa Miguuni

Vidole viwili vya mguu wangu wa kushoto vililiwa na panya, na sikuhisi kitu. Nasema hivi mapema ili asiyependa kusoma mambo ya namna hii aache hapa hapa, akatafute kitabu cha nyimbo. Ninyi wengine, mnaoficha mkono chini ya nguo mkiwa kanisani, kaeni. Ninyi ndio ninaowaandikia.

Sitaeleza ukoma ni nini. Masista wa dispanseri walinieleza mara nyingi, na picha ubaoni, nikawashukuru, nikarudi nyumbani nikiwa sijui nitalalaje. Nitaeleza yale ambayo hakuna aliyenieleza: namna ya kukaa kwenye benchi ya wagonjwa, namna ya kuishi na watu wanaokuogopa, na namna ya kuchagua mbwa mdogo wa kulala naye nyumbani. Najua mnacheka. Mimi pia nilicheka.

Nilizaliwa Sange, kwenye uwanda wa Ruzizi, nikaolewa Uvira, mtaa wa Kasenga, kwa fundi seremala aitwaye Donati. Miaka hiyo Wabelgiji walikuwa na nguvu zao zote na hakuna aliyewaza kwamba wangeondoka. Tulikuwa na mtoto mmoja, Feresita, ndiyo kwanza ameacha ziwa. Tulikaa ua mmoja na mama mkwe wangu, na jioni tulikula sote kwenye sahani moja, kama watu.

Siku moja ya kiangazi niliepua chungu cha maharage kwa mikono mitupu, nikakishika huku nikimwambia mtoto asogee. Mama mkwe alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, karibu na mlango. Akainua pua.

“Mama Feresita, nini inaungua?”

Nikatazama moto. “Hapana kintu, mama.”

“Angalia mukono yako.”

Ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye chungu. Nilicheka, kwa sababu kitu kama hicho hakiwezekani, na nilidhani naye atacheka. Hakucheka. Aliweka sombe chini, akamnyanyua Feresita, akaingia naye ndani na kufunga mlango. Ndivyo nilivyopewa habari ya ugonjwa wangu, kabla daktari hajaniona. Tena mama mkwe hakukosea hata kidogo.

Donati alinijengea kijumba nyuma ya ua, karibu na ghala la muhogo. Alikijenga vizuri, sitamsingizia: mlango wa mbao, kitanda cha kamba, dirisha linalotazama ziwa. Alipiga misumari huku analia. Nilidhani mwanamume anayelia hivyo hataniacha. Nilipewa sahani yangu ya bati, kikombe changu, kijiko changu, na mahali pangu pa kuviosha. Feresita aliambiwa asivuke mstari wa mawe uliopangwa katikati ya ua. Mwanzoni alisimama kwenye mawe hayo akinyoosha mikono nimbebe, nami niliingia ndani ili asinione.

Kiangazi hicho na mvua zilizofuata ulikuwa wakati wa sindano za mafuta. Kila juma nilitembea mpaka dispanseri. Sisi wa ganzi tulikuwa na benchi yetu, upande wa choo, mbali na akina mama wenye watoto wachanga. Ilikuwa ya mbao nzito na ilikwaruzwa kwa kisu baada ya sisi kuondoka, nadhani ili kutoa tulichoacha. Mafuta yale yalikuwa mazito, yaliingia polepole, na matako yaliota mavimbe ambayo hukuweza kuyakalia. Kwa hiyo benchi iliyowekwa kwa ajili yetu, wengi wetu tulisimama tu kando yake.

Mwili ulianza kunibadilika. Nyusi zilidondoka. Masikio yalinenepa. Uso wangu ulijaa kama wa mtu mwingine aliyeshiba kuliko mimi, na Donati, ambaye zamani aliniletea chakula mwenyewe na kukaa kidogo, alianza kuweka sahani kwenye mawe na kuzungumza nami kutoka hapo. Tulizungumza habari ya bati la paa. Mke na mume, na siku zote ni paa.

Sasa nifike kwa panya. Watu husema panya hung’ata huku anapuliza ili usisikie maumivu. Kwangu mimi hakuhitaji kujisumbua kupuliza. Asubuhi moja niliona damu kwenye mkeka. Nikatafuta pua, nikatafuta mdomo, nikatafuta kwingine, mwisho nikatazama miguu. Kidole kidogo na kile kinachokifuata vilikuwa vimekwenda nusu, kwa usafi, kama hindi lililoliwa. Sikulia kwa maumivu kwa sababu hayakuwepo. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimenyang’anywa mume, mtoto na sahani, na sasa hata panya wa ghala la mama mkwe alikuja kuchukua chake.

Kwenye benchi ile nilimweleza Sesiliya. Huyu alikuwa mwanamke wa mtaa wa Mulongwe, mnene, mwenye maneno mengi, mguu wake mmoja hauna kidole hata kimoja. Nilidhani atanihurumia. Alinitazama tu kama mtu aliyekuwa ananingojea.

“Panya?” akauliza.

“Panya.”

“Basi weye umeingia mu kundi. Ulileta paka?”

Nililetewa paka na jirani. Alikaa mpaka upepo ulipoleta harufu ya ndagala, samaki wadogo wanaoanikwa ufukoni. Baadaye nilimwona huko, amenenepa, akinipita bila salamu.

“Paka haiko na bwana,” Sesiliya akasema. “Tafuta imbwa. Lakini ndogo.”

“Kwa nini ndogo? Nitatafuta kubwa, inilinde.”

“Imbwa kubwa italala ku mulango, italinda nyumba. Weye haiko na nyumba ya kulinda. Weye iko na miguu.”

Wote kwenye benchi wakacheka, na ndipo na mimi nilipocheka. Kwetu mbwa hulala nje. Mbwa wa kulala ndani ni wa Mzungu, au wa mtu ambaye watu wameanza kumnong’ona. Kisha nikafikiri kwamba mimi nilikuwa nimekwisha nong’onwa vya kutosha.

Basi, wewe mwenye miguu iliyokufa, sikiliza namna tulivyochagua. Mpishi wa mfanyabiashara mmoja Mzungu alikuwa na watoto wa mbwa wa bwana wake, weupe, wa manyoya marefu yaliyofunika macho. Niliwapenda kwa kuwatazama. Sesiliya alinikemea. Manyoya yale hujaa viroboto na kupe, na yataka sabuni, nami sabuni niliipata kwa kuomba. Tena walibweka bila kupumzika.

“Ile inalia hata jani ikianguka,” akasema. “Mama mukwe yako atafurahi sana. Ataitilia sumu mbele ya Pasaka.”

Mbwa wa mitaani alimkataa pia, maana hukua bila kusimama, na tumbo lake halina mwisho. Alinipeleka kwa mwindaji aliyeshuka kutoka milimani kuuza asali. Wawindaji wa huko wana mbwa wadogo, wekundu kama udongo, nywele fupi, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Hawabweki kabisa. Hujisafisha wenyewe kwa ulimi, hula kidogo, na panya hawawaoni mpaka wamekwisha washika. Mwindaji huyu alikuwa na watoto watatu wa mbwa ndani ya kikapu. Mimi nikainama kumchukua aliyekuwa na macho mazuri.

“Usichague na macho,” Sesiliya akanizuia. “Weka mguu.”

Nikakaa chini, nikanyoosha ule mguu uliotafunwa. Nikatazama ziwa kwa aibu, kwa sababu watu walikuwa wanapita. Nikangoja. Niliona hakuna kinachotokea nikataka kuinuka.

“Tulia,” akasema Sesiliya. “Iko hapo.”

Ilinibidi kutazama chini ili nijue. Mmoja, jike, mwembamba kuliko wenzake, alikuwa amejilaza juu ya vidole vyangu na kufumba macho. Hakuna kiumbe aliyekuwa amenigusa kwa hiari yake tangu siku ya chungu, na huyu aliyenigusa, sikumsikia. Nililia hapo hapo njiani. Mwindaji aligeuza uso, akajifanya anahesabu vibuyu vyake vya asali. Nilimpa kikwembe changu, nguo niliyojifunga siku ya harusi, naye akamfunga mbwa kengele ndogo ya mti shingoni.

“Imbwa hii haiko na sauti, mama,” akaniambia. “Kengele njo sauti yake. Usiku utaijaza majani, inyamaze.”

Nilimpa jina Batachoka. Kwetu mbwa hupewa jina la kumpelekea jirani ujumbe, na ujumbe wangu ulikuwa kwamba wanaonisema siku moja watachoka. Jioni nilisimama mlangoni nikaita “Batachoka! Batachoka!” kwa sauti ya kutosha kufika nyumba kubwa.

Ulifika. Mama mkwe alikuja mpaka kwenye mawe, mikono kiunoni.

“Imbwa mu nyumba? Sasa batu batasema nini juu yetu?”

“Mama, panya zinanikula.”

Nikaonyesha mguu. Alitazama upande mwingine. Kisha akasema, “Ibakie. Lakini ile kengele isitoke. Siku nitaiona bila kengele, nitaita batu baiuwe.”

Nilipiga magoti nikamshukuru. Niliona huruma katika maneno yale: nilidhani hataki mbwa apotee. Andikeni hilo mahali, mnaosoma, kwamba mimi nilimshukuru kwa magoti.

Batachoka alifanya kazi yake. Mchana alinitangulia kwenda dispanseri, kengele ikigonga, na wakati wa kulala alijikunja juu ya miguu yangu. Asubuhi kulikuwa na panya aliyekufa mlangoni, amenyooshwa vizuri kama zawadi. Vidonda vilifunga. Kila asubuhi nilikagua miguu kwa macho, kidole kwa kidole, na nilikagua sandali zangu za mpira wa tairi kama zina msumari au jiwe. Fanyeni hivyo hivyo. Macho yenu ndiyo maumivu yenu sasa.

Kiangazi kingine kikaja, na vidonge vipya vikaja badala ya mafuta. Tulishangilia kwenye benchi. Tulishangilia mapema mno. Vidonge viliniletea homa, mavimbe mekundu yakanitoka usoni na mikononi, nikalala juma baada ya juma huku mifupa inawaka. Sista alisema hiyo ni dawa inapigana, nivumilie, tena alikuja mwenyewe kwa miguu kuniletea maziwa. Sesiliya alikuja kutoka Mulongwe, akivuta ule mguu wake, kunipikia uji. Donati alikuja mpaka kwenye mawe. Aliniuliza kama paa linavuja.

Nilipopata nafuu, siku moja nimekaa nyuma ya kijumba nikimwogesha Batachoka, nilisikia watoto wanacheza uani. Nikachungulia kwenye uzio wa matete. Mtoto mmoja wa jirani alikuwa amefunga kopo shingoni, ndani yake jiwe. Alitembea akichechemea, mikono amekunja vidole. Kopo likalia, na wengine wote wakapiga kelele “Kengele! Kengele!” wakakimbilia ndani ya nyumba kubwa. Feresita alikuwa miongoni mwao. Alikuwa anacheka.

Ndipo nilipoelewa kwa nini kila nilipotoka na mbwa ua ulikuwa mtupu, milango imefungwa, jiko linatoa moshi peke yake. Nilikuwa nimedhani ni bahati mbaya, kwamba kila nikitoka wao wameondoka. Kumbe nilikuwa natembea na kengele yangu mbele yangu, nimeilipia kwa kikwembe cha harusi.

Mtaniuliza kwa nini sikuikata siku ile. Nilishika kisu. Lakini kengele ikitoka, mbwa angeuawa. Mbwa akifa, panya wangerudi, na miguu ingekwisha. Na mtu asiye na miguu hapeleki mwili wake dispanseri kila juma, hanywi dawa mpaka mwisho, harudi kamwe kula sahani moja na mtoto wake. Hilo ndilo peke yake nililokuwa nalitaka. Sikutaka nyusi zangu, wala Donati. Nilitaka kumega bugali kwenye sahani moja na Feresita. Nikarudisha kisu mahali pake, na kesho yake nikapita uani na kengele yangu inalia, nikachukia watu wote walio hai.

Nilikunywa vidonge mvua nyingine, na kiangazi kingine, na mvua tena. Mto Mulongwe ulifurika ukachukua jiko la Sesiliya. Alinichekesha kwenye benchi akisema mto nao umemjua asiyeweza kukimbia. Kisha asubuhi moja sista akanikwaruza sikio kama kawaida, akatafuta wadudu wa ugonjwa kwa darubini yake, juma lililofuata akaniita ndani, chumba ambacho sisi wa benchi ya choo hatukuwa tunaingia.

“Umepona,” akasema. “Huambukizi mtu. Rudi nyumbani ukale na watu wako.”

Walinichinjia kuku. Sitasema hawakunichinjia. Mkeka ulitandikwa katikati ya ua, mawe yakaondolewa, jirani wakaalikwa. Mama mkwe alisali sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa jina langu. Donati alivaa shati jeupe. Feresita, mrefu sasa, ameanza shule, alikaa karibu na bibi yake, koko kama alivyomwita, akitazama chini. Batachoka alijilaza miguuni pangu. Sahani kubwa ikawekwa, tukanawa, nikanyoosha mkono wangu wenye vidole vilivyopinda, nikamega.

Donati akavuta mkono wake. “Miye nimeshiba,” akasema, naye alikuwa hajala kitu. Shemeji yangu akasema tumbo lilimsumbua tangu asubuhi. Jirani wakakumbuka mbuzi wao. Mama mkwe akamshika Feresita begani: “Mutoto huyu alikula mu mchana, haiko na njaa.” Mmoja mmoja wakajifuta mikono. Maishani sijawahi kuachiwa kuku mzima peke yangu, wala sijawahi kuona chakula kingi hivyo.

Nilikula. Nilikula paja, nikala kidari, nikampa Batachoka mifupa, huku wote wamekaa wananitazama kwa adabu. Asubuhi nilichukua kikapu na mkeka, nikahamia Mulongwe, chumba cha pili kutoka kwa Sesiliya. Donati alisaidia kubeba mpaka barabarani. Nilipofika nilichukua kisu, nikaikata ile kengele, nikaitupa chini ya kitanda.

Juma zima Batachoka alitembea bila sauti. Nilifurahi, nikajiambia sasa hakuna anayeonywa kwamba ninakuja. Nilipita hata Kasenga kwa makusudi, karibu na ua ule, kimya, nikitumaini kumwona mtoto kabla hajakimbia. Sikumwona.

Jumapili, baada ya misa, akatokea mlangoni kwangu peke yake, nguo ya kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Hakuingia. Alimtazama mbwa shingoni.

“Mama, kengele iko wapi?”

“Nilikata. Hautaisikia tena. Usiogope.”

“Sasa miye nitajua namna gani kama uko unapita?”

“Na unataka kujua kwa nini? Ili ukimbie?”

Nilisema kwa ukali, nawaambia kweli. Miaka yote ile ilikuwa kwenye sauti yangu. Hakukimbia. Alifuta pua kwa mkono.

“Koko alisema tukisikia kengele tuingie ndani. Mimi nilikuwa naingia, natokea na mulango ya nyuma, nasimama ku matete. Nilikuwa nakuona. Kila siku ulikuwa unapita, nilikuwa nakuona. Juma hii nilisimama ku matete, nikangoja, hapana kengele. Nikawaza umekufa, nikakuja kuangalia.”

Nilikaa chini kizingitini. “Juu ya nini haukuniita hata siku moja?”

“Koko alisema ukinijibu, pumzi yako itanifikia.”

Mama mkwe wangu amekufa sasa, na nilikwenda msibani, nikakaa nyuma. Sijamsamehe. Padri anajua.

Siku ile kulikuwa na bugali jikoni, na ndagala kidogo. Niliweka sahani ya bati sakafuni, nikageuka kwenda kutafuta ya pili, kwa mazoea. Nilipogeuka tena Feresita alikuwa ameketi, amekwisha mega kwenye ile ile, anatafuna upesi na kutazama mlangoni kama mtu anayeiba. Batachoka alikuwa amelala juu ya miguu yake. Nikaingiza mkono chini ya kitanda, nikatafuta kengele, nikaifunga shingoni mwa mbwa kwa kamba mpya, mafundo mawili, na ndipo na mimi nikanawa.